Mathenge: Mti uliowang'oa mbuzi meno Baringo

Kutoka Nakuru hadi Marigat ni mwendo wa kama kilomita 100 za lami. Unavuka mstari wa ikweta hapo Mogotio, joto linaanza kukuandama, na kandokando ya barabara unaona chupa za asali zimepangwa zikingoja wasafiri. Msomaji ambaye hajafika Baringo hutarajia nyika kavu, vumbi na migunga michache. Hayo yapo. Lakini ukipita Marigat na kukata kuelekea Ng'ambo au Salabani, unakumbana na msitu wa kijani kibichi, hata wakati wa kiangazi kikali. Mgeni hufurahi. Wenyeji hawafurahi hata kidogo.

Msitu huo ni wa mathenge, mti wa miiba ambao asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Hapa nchini, miti ya jamii hii ilipandwa mwaka 1973 katika machimbo ya Bamburi, Mombasa. Baringo uliletwa mapema katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nia ilikuwa njema: kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuwapa wenyeji kuni na lishe ya mifugo. Na kusema kweli, mti ulifanya kazi uliyotumwa. Shida ni kwamba haukujua pa kuachia.

Mbuzi hupenda maganda yake kwa kuwa ni matamu. Humeza mbegu, na kwa kuwa mbegu hizo ni ngumu, hupita tumboni salama na kuangushwa mbali pamoja na samadi, tayari kuota. Mafuriko nayo huzisomba. Hivyo mathenge ukafunika malisho, ukaziba njia za mifugo na kuingia hadi mashamba na mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Perkerra. Chini yake nyasi hazioti. Miiba yake hutoboa hata tairi la gari, sembuse akala za mchungaji.

Isitoshe, kuna hilo la meno. Sukari iliyo katika maganda huozesha meno ya mbuzi anayeyategemea kila siku, na mbuzi asiye na meno hufa njaa huku malisho anayaona. Mwaka 2006, Wailchamus, ambao ni wafugaji wa nyanda hizi, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, na mbuzi kibogoyo akapelekwa Nairobi awe kielelezo. Watu wa mjini walicheka sana. Kwa familia ambayo karo ya watoto hutoka zizini, hapakuwa na kichekesho chochote.

Mwaka 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari. Sheria ya magugu hatari inamtaka mwenye ardhi ayang'oe mwenyewe. Hebu fikiria: mzee mwenye panga moja, na msitu ambao hakuuomba!

Kung'oa kwenyewe si mchezo. Ukiukata juu ya ardhi, kisiki huchipuka mashina mengi kuliko lile la kwanza. Ni lazima uchimbe na kulikata shina chini ya udongo, kisha upande nyasi mara moja, na kurudi kila msimu kung'oa miche. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ambao wana kituo Marigat, wamewafundisha wenyeji kuchoma makaa ya mathenge na kusaga maganda yawe chakula cha mifugo. Kusaga kuna faida mbili: mbegu hufa, na mbuzi hapati kazi ya kutafuna. Makaa yake ni mazito na huwaka muda mrefu.

Hata hivyo, mimi naona hapa pana mtego. Anayeishi kwa kuuza makaa ya mathenge atataka mti uchipuke tena, wala hatauchimba shina. Afrika Kusini ilijaribu njia nyingine mwaka 1987, ikaachilia wadudu wadogo wanaokula mbegu zake. Wazo hilo si geni kwetu, kwani katika miaka ya 1990 fukusi waliachiliwa katika Ziwa Victoria wale gugu maji. Lakini mdudu anayekula mbegu hauui mti uliokwisha kusimama.

Ukifika Kampi ya Samaki, utaona ziwa lenyewe limeingilia ugomvi huu. Maji ya Ziwa Baringo yalipopanda, hasa mwaka 2020, yalimeza nyumba, shule, hoteli, na mathenge pia.

Wakati wa kurudi, nunua asali. Nyuki hawana kesi na mathenge, hufuata maua yake. Ila kagua magurudumu kwanza, na uwakataze watoto kubeba yale maganda ya manjano kwenda nayo nyumbani.