Siku Nne Lamu na Daftari la Simu

Likizo ya Agosti tuliondoka Mombasa kwenda Lamu kumzuru bibi yao watoto, tukiwa na azma moja tuliyokuwa tukiiahirisha: kuupima utumizi wa simu wa vijana wetu wawili badala ya kuulalamikia tu.

Katika daftari tuliandika saa ambazo simu yenyewe huzihesabu, na kando yake yale tuyaonayo kwa macho: nani ameitika alipoitwa mara ya kwanza, nani ameamka Alfajiri bila kuvutwa shuka, nani amewaamkia wazee barazani. Tuliwapa pia yale maswali kumi ya watafiti wa Korea Kusini ya mwaka 2013, ambayo kila jibu hupewa alama 1 hadi 6. Humo huulizwa kama shingo inauma, kama mtu hupitisha muda aliokusudia, kama walio karibu naye humlalamikia. Mvulana akifika alama 31, au msichana 33, kuna la kuangaliwa. Binti yetu alijipa 22, nduguye 24. Tukashusha pumzi.

Hata hivyo, siku ya safari simu ya binti ilisoma saa sita na nusu, ilhali yeye alikisia mbili. Hakuwa akidanganya, alishangaa kutushinda.

Lamu haimvumilii anayetembea akiinamia kiganja. Katika kichochoro cha nyuma ya Ngome, mwenye punda alipaza “Simila!” mara tatu, na kijana wetu hakusikia hadi gunia la mchanga lilipomsukuma ukutani. Tuliliandika hilo pia. Siku ya pili tulikwenda Shela kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa, na jioni hesabu zote mbili zilikuwa chini ya saa mbili. Mvulana aliwaamkia wazee wote wa Mkunguni, tena kwa sauti.

Siku ya tatu hesabu ya binti ikapanda hadi tano. Tulikuwa tumeshaandaa maneno makali. Bibi akatutangulia: mjukuu wake alikuwa ameketi naye dakani tangu baada ya Adhuhuri, akimrekodi akitaja nasaba yetu, nani kamzaa nani na nani kazikwa wapi. Bibi siku hizi husahau. Majina mengine hata sisi tulikuwa hatuyajui. Tulibaki na daftari mkononi, tusijue saa zile tuziandike safu gani.

Ndipo kijana akauliza, “Na zenu, Baba?”

Tukazitazama. Saa nne na dakika arubaini kwa mmoja wetu, tano na ushei kwa mwingine, na nyingi zilikuwa za baada ya Isha, sebuleni kwa Bibi.

“Wanangu,” akasema Bibi, “nami nilidhani mwasoma.”

Tumerudi Mombasa na daftari limeongezwa safu mbili. Ya Mama hujazwa kila usiku. Ya Baba ina siku tatu tupu.