Butembo: Pikipiki ya zamani, atie motere gani?

Butembo – Kwa wiki tatu, Yamaha DT 125 ya papa mmoja wa komine Kimemi ilikaa garajini bila motere, imefunikwa na mifuko ya saruji. Ndiyo iliyokuwa ikimpeleka kila juma kwenye barabara ya taifa namba 2, hadi vijiji vya Lubero, kununua kahawa. Aliachiwa na marehemu kaka yake, na minervali ya watoto wanne ilitokana na safari hizo.

Motere ilianza kugonga, kisha ikakosa nguvu milimani. Fundi alipoifungua, alimwonyesha silinda.

"Papa, mara ya mwisho tuliichonga na kutia pistoni iliyoongezeka milimita moja. Kubwa kuliko hiyo hakuna."

Zikabaki njia mbili. Ya kwanza ni motere mpya ya 125 kama zile za taxi-moto, ambayo vipuri vyake viko kila kona. Ile ya DT huwaka kila mzunguko na kuunguza oili pamoja na petroli. Hii mpya huwaka mara moja kwa mizunguko miwili, oili yake hubaki chini, na petroli hainywi sana. Ila mashimo ya kufungia hayalingani. Lazima fremu ikatwe na kuunganishwa kwa moto, nyaya zibadilishwe, na mnyororo ukae sawasawa, la sivyo utakula meno ya pinyo. Papa alifikiria mteremko wa Lubero na magunia mgongoni, halafu ile chuma iliyounganishwa ikatike. Akakataa.

Ya pili ni motere ya DT iliyotumika. Ilipatikana moja, bei ya chini. Fundi alikanyaga kiki, akasikia inasukuma vizuri. Kisha akapangusa tope mahali pa namba. Palikuwa pamepigwa tupa.

"Chuma ni chuma," muuzaji akacheka.

Papa alinyamaza. Kitinda mimba alikuwa amefukuzwa shuleni siku hiyo kwa sababu ya minervali. Kwa motere hiyo, Ijumaa angekuwa barabarani.

"Papa, naweza kuifunga leo hii," fundi alimwambia pembeni. "Lakini wakikusimamisha kwenye bariere, mwenye kujibu ni wewe. Na kama mwenyewe analia mahali fulani?"

Waliiacha.

Wiki ya tatu ikapatikana nyingine, ya DT iliyopinda fremu kwenye ajali. Mwenyewe alitoa karatasi yenye jina lake, na namba ililingana. Bei ilipanda, mbuzi mmoja akauzwa. Fundi alitikisa mhimili wa motere kuona kama unacheza, akamwaga oili ya gia kutafuta vumbi la chuma, akatia pete mpya za pistoni na kubadilisha sili zote.

Safari ya kwanza papa alienda polepole, bila mzigo, ili pete zizoee silinda. Aliporudi jioni alizima, akakaa kidogo juu ya kiti.

"Sauti yake si ile ya kaka," alisema. Kisha akamwuliza fundi kama mnyororo haujalegea.

Jumatatu iliyofuata, mtoto alirudi shuleni. Alikuwa amekosa masomo ya majuma mawili.