Bima Inapoishia Kabla ya Duka la Dawa

Kibokoni nilikuwa nikiijua kwa hadithi za shangazi tu, aliyeolewa Mombasa akitokea kwetu Tanga kabla sijazaliwa. Basi lilituvusha Horohoro, likapita Lungalunga na Ukunda hadi Likoni. Nikavuka kwa feri, na ng'ambo ya pili tuktuk ikaniingiza Mji wa Kale mpaka vichochoro vikaishinda. Nilimalizia kwa miguu, macho juu kwenye roshani za mbao, nikapitiliza mlango wa shangazi.

Mwenyewe hakunipa muda wa kushangaa. Chai ilipokwisha alinikabidhi cheti cha daktari: zahanati wamemwambia dawa yake ya presha hawana, akanunue nje. Nikamwuliza habari ya bima. Akacheka.

"SHA nimejiandikisha, mwanangu, na jina langu limo. Lakini dukani twatoa pesa."

Kwetu nimezoea vingine. Mama ni mwalimu mstaafu, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, una mikataba hata na maduka ya dawa ya watu binafsi. Hospitali ikikosa dawa, mgonjwa hupewa fomu, huenda nayo kwenye duka lenye mkataba, hutia saini na kuondoka na dawa yake. Mwenye duka ndiye hubaki akiudai Mfuko. Na bei hapangi yeye, imo kwenye kitita, yaani orodha ya Mfuko ya huduma na bei zake. Kitita kipya kilipoanza Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisusa kuwahudumia wanachama zikisema bei hazilipi gharama. Kama hospitali kubwa zililia, duka la chumba kimoja lingefanyaje?

Kenya, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, bima yao ya zamani, Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira hupimwa uwezo wake, na halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. SHA hulipa hospitali na zahanati zenye mkataba, na dawa huhesabiwa ndani ya matibabu hayo. Zahanati ikiishiwa, malipo hayamfuati mgonjwa hadi duka la jirani.

Duka lenyewe lilikuwa hatua chache tu, leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ikining'inia ukutani. Mfamasia, mama wa makamo mwenye buibui, alisoma cheti, akataja bei. Nilipomweleza utaratibu wa Tanga, aliacha kukata vidonge.

"Na hulipwa baada ya muda gani?"

"Huchelewa, mamangu."

"Basi hapo ndipo penye kazi."

Akanieleza hesabu yake. Muuzaji wa jumla humkopesha kwa siku thelathini. Yeye hana vitanda wala maabara ya kumwingizia pesa nyingine, ana rafu hizo tu. Dawa ikitoka kwa ahadi ya serikali, rafu hubaki tupu na deni liko pale pale. Hospitali alikuwa ameziona: NHIF ilivunjwa ikiwa na madeni ya mabilioni, hata Machi 2025 Rais Ruto akatangaza kwamba wanaodai shilingi milioni kumi kurudi chini watalipwa zote, na waliozidi hapo madai yao yahakikiwe kwanza.

Hofu yake naielewa, ila bado naona bora mfumo wa kwetu, maana anayesumbuka na deni ni mwenye leseni na daftari. Hapa anayebeba mzigo ni bibi wa miaka sabini.

"Je, serikali ikikuita muingie mkataba kama huo?" nikamwuliza.

"Iandike siku ya malipo kwenye mkataba, na ikichelewa itozwe. Bei tutapatana."

Nikampigia shangazi kumwambia bei ya dawa za mwezi mzima. Akasema ninunue za wiki mbili, zahanati watakuwa wameletewa.