Nani wa Kumuuliza Kati ya Haydom na Katesh?

Hapa Marekani, mwanafunzi ambaye baba wala mama yake hana shahada anatambuliwa kisheria. Tangu miaka ya 1960 serikali kuu inagharimia programu za TRIO, na katika vyuo vingi kuna mshauri anayelipwa kukaa na kijana huyo, kumfafanulia fomu za msaada wa fedha na kumtuliza kwamba fani anaweza kuichagua hata mwaka wa pili.

Kwetu Mbulu na Hanang, Tanzania, kijana wa namna hiyo si wa pekee. Darasa limejaa wenzake. Uamuzi nao humkuta mapema mno. Kidato cha nne anajaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, na tahasusi atakayopangiwa, iwe PCB (fizikia, kemia, biolojia) au HGK (historia, jiografia, Kiswahili), inamfungia njia nyingi kabla hajawahi kuzungumza na mhandisi wala mfamasia. Mzazi aliyeuza ng'ombe apate nauli na godoro la bweni atamwambia nini kuhusu tahasusi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mshauri ni kijana wa steshenari pale Katesh au Dongobesh. Ndiye anayejua cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili, fomu ya Bodi ya Mikopo ipigwe mhuri kijijini kisha kwa wakili au hakimu, na mdhamini alete kitambulisho. Namheshimu kwa dhati, maana bila yeye wengi wangekwama. Ila foleni inamsubiri. Hana nafasi ya kumuuliza binti wa Basotu anapenda nini, na ufaulu wake unaweza kumfikisha wapi.

Kwa upande mwingine, kuna jambo la nyumbani ambalo sijaliona huku. Mgeni akifika Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) bila chumba, kaka wa Mbulu asiyemfahamu kabisa atamlaza kitandani kwake mpaka bumu, yaani fedha ya mkopo, liingie. Huku mtu anaweza kuwa na mshauri mzuri na bado akala peke yake muhula mzima.

Undugu huo ningependa uanze kabla ya safari. Dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa Julai. Wanachuo wetu wawili watatu walio likizoni nyumbani wakiweka meza kwenye ofisi ya kata, siku za mnada watu wanapokusanyika, mzazi atapata wa kumuuliza bure. Walimu wa sekondari nao wawaite wanachuo hao shuleni mapema, kabla wanafunzi wa kidato cha nne hawajajaza Selform.