Kutoka Buruburu Hadi kwa Kijana wa Turkana

Ukiwa wakaa Eastlands, Jumapili moja usishinde mbele ya runinga. Wachukue watoto, mpande matatu namba 58 kutoka Buruburu, mshike Barabara ya Jogoo hadi mjini, kisha mwelekee Makavazi ya Kitaifa.

Humo ndimo alimo Kijana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Marehemu Kamoya Kimeu alikiona kipande cha kwanza cha fuvu lake mwaka wa 1984, karibu na mto Nariokotome.

Ukiruhusiwa kupiga picha, usitumie flashi. Mwanga huo hufuta vivuli, na mfupa husomwa kwa vivuli. Litazame taya lake la chini. Jino la utotoni lilipong'oka, paliingia uambukizo, mfupa ukaliwa. Baadhi ya wataalamu walishuku kuwa hilo ndilo lililomuua, akiwa bado mtoto.

Mitaani kwetu, mtoto akililia jino usiku twamwambia alale, kesho litapoa. Mkirudi nyumbani jioni, mwambie wako afungue kinywa.