Njia Nyepesi ya Kutembea na Darasa: Mafunzo Kutoka Mabonde ya Simiyu

Imezoeleka katika vyuo vyetu kudhani kwamba Jiografia hufundishwa kwa ramani ya ukutani, tufe na chaki za rangi. Zana hizo zikikosekana, mwalimu hujiona amenyimwa kazi yake. Sisi tunaofundisha somo hili hapa Bariadi tulikuwa na mawazo hayo kwa miaka kadhaa, mpaka tulipoamua kutoka nje na wanachuo wetu. Na tulipotoka, kosa letu la kwanza nusura ligharimu uhai wa mtu. Tunaandika habari hii ili wenzetu wanufaike na yale tuliyojifunza kuhusu kuchagua njia nyepesi ya kutembea na darasa, na kuhusu maana ya neno "nyepesi" lenyewe.

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa Mkoa wa Shinyanga na sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Hauna milima mirefu. Una vilima vya mawe ya matale, miteremko mirefu ya kichanga, na mabonde mapana ya udongo mweusi ambamo vijito vya msimu hutiririka kuelekea Mto Simiyu, na mto huo huingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke. Mgeni aitazamapo nchi hii husema kuwa ni tambarare na kwamba kutembea humo si kazi. Nasi, ingawa si wageni, tulisema hivyo hivyo.

Matembezi yetu ya kwanza yalikuwa ya mwezi Machi. Tulichagua njia ya kilometa 9 kutoka nje ya mji hadi kilima kimoja, kisha kurudi kwa kuvuka kijito. Mwanachuo mmoja, ambaye mguu wake wa kulia ulivunjika utotoni ukaunga vibaya, tulimwacha chuoni. Tulimwambia kwa upole kwamba safari ingemchosha, tukampa ramani ya somo aichore upya kwenye karatasi kubwa ili naye apate alama zake. Ramani yenyewe ilikuwa moja tu, ya kipimo cha 1:50,000. Hatukuona haja ya kuichukua, kwa kuwa njia tuliifahamu.

Tulifika kwenye kivuko mchana, jua likiwaka. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Nusu ya darasa ilikuwa imekwisha vuka yalipobadilika rangi, yakapanda hadi magotini, na kabla hatujamaliza kupiga kelele yakafika kiunoni. Mwanachuo mmoja aliteleza akachukuliwa. Kijana mchungaji aliyekuwa ng'ambo alimnyoshea fimbo yake ndefu, akaishika, akavutwa hadi ukingoni akiwa amepoteza viatu na daftari. Mzee aliyekuwa na kijana huyo alituamkia, "Mwadila," kama ilivyo ada ya Wasukuma mchana, tukaitikia huku tunatetemeka. Kisha akauliza, "Wanangu, hamkuliona wingu lile kule juu? Sisi ng'ombe tumekwisha wavusha tangu asubuhi."

Jioni tulipoeleza mkasa huo chuoni, yule tuliyemwacha alinyanyua mkono. Akasema, "Mwalimu, naomba radhi. Nilipokuwa nachora niliona vijito vitatu vinakutana juu kidogo ya kile kivuko. Mvua ikinyesha kule, maji yote hupita pale. Nilidhani mmekwisha liona." Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumewafundisha wote kusoma ramani, na msomaji aliyekuwa tayari zaidi ndiye tuliyemwacha nyuma kwa sababu ya mguu.

Wiki mbili baadaye tulimkabidhi yeye kazi ya kupanga matembezi ya pili, pamoja na wenzake watatu. Tuliwapa sharti moja: njia iwe ile ambayo yeye mwenyewe anaweza kuitembea. Wengine walinung'unika kuwa watatembea kama konokono. Tuliwaacha wanung'unike.

Katika kupanga walianza na hesabu ya mwendo. Mskochi W. W. Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo bado inatumika: mtembeaji mwenye afya ahesabu saa moja kwa kila kilometa 5 hivi, na aongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia waliyoichagua ilikuwa ya kilometa 6 yenye mwinuko wa mita 60, kwa hiyo kwa kanuni hiyo ingemalizika kwa dakika 78 hivi. Mpangaji wetu aliitazama hesabu hiyo akacheka. Naismith, alisema, hakuhesabu jua la Bariadi, wala fimbo ya kutembelea, wala mwalimu anayesimama kueleza. Waliipa njia muda wa saa 3 na nusu, na kuanza kukawekwa saa 12 na nusu asubuhi ili turudi kabla jua halijawa kali. Kila mmoja alibeba lita moja ya maji, na wengi walifunga michembe na karanga. Kivuko hakikuwamo kabisa katika njia hiyo.

Hapo ndipo tulipotambua faida ambayo hatukuitarajia. Kwa kuwa tulitembea polepole, tuliona. Tulianzia kilimani kwenye matale, tukashuka kwenye udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, wenye karanga na viazi vitamu. Chini yake tukakuta itogolo, udongo mgumu ambao jembe huugonga kama sakafu. Mwisho tukafika mbugani, penye udongo mweusi unaovimba na kunata wakati wa mvua, na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Humo wakulima hutengeneza majaruba ya mpunga, na mvua zikipungua hupanda dengu. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza utaratibu wa namna hii katika Afrika Mashariki, akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo: udongo hubadilika kwa mpango ule ule kadiri mtu anavyoshuka mteremko, kwa sababu maji huhamisha chembechembe kutoka juu na kuziweka chini. Somo hilo tulikuwa tumelifundisha ubaoni kwa vipindi viwili, na katika mtihani wengi walilikosa. Siku hiyo walilikanyaga, na majina walikuwa nayo tangu utotoni. Hawakuwahi kuambiwa kwamba majina ya bibi na babu zao ni elimu.

Tulipumzika kando ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani yake yasaidie ndama, wagonjwa na ng'ombe wa kulimia wakati wa kiangazi. Tuliwaeleza wanachuo kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hii ya wenyeji badala ya kuleta mpya kutoka mbali. Maswali yalikuwa mengi kuliko muda. Yule mpangaji wetu, ambaye darasani hukaa nyuma, aliuliza matatu.

Huenda msomaji akasema kuwa matembezi ni anasa ya nchi zenye nafasi. Ni kweli kwamba Uingereza sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri kuzichora njia za miguu katika ramani rasmi, na kwamba Wales ilifungua mwaka 2012, mwaka ule ule wa kuzaliwa kwa mkoa wetu, njia ya miguu ya kilometa 1,400 hivi kuufuata mwambao wake wote. Huko mtembeaji hununua kijitabu kinachomweleza njia ipi ni nyepesi na ipi ni ngumu. Sisi vijitabu hivyo hatunavyo, lakini njia tunazo: njia za ng'ombe, za kisimani, za mnadani na za shuleni. Mtoto wa shule ya msingi huzipita kila siku. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuzipita pamoja naye na kumwuliza ameona nini.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wenzetu mambo manne. Kwanza, mwalimu aitembee njia peke yake siku chache kabla ya darasa, na awaulize wenyeji habari za maji, nyuki na mipaka ya mashamba. Pili, asivushe darasa kijito cha msimu wakati wa mvua, hata kama maji ni ya kifundo na jua linawaka, maana mvua inayojaza kijito hunyesha kwingine. Tatu, achague vituo vitatu au vinne tu, na kila kituo kiwe na swali moja lililoandikwa katika andalio la somo. Nne, mwendo upangwe na yule mwenye hatua fupi kuliko wote, naye atangulie mbele, asiburutwe nyuma.

Jambo hili la nne ndilo tulilolipata kwa gharama. Hapo awali tulidhani njia nyepesi ni ile isiyo na kilima. Sasa tunasema kwamba ni ile ambayo asiyeweza kukimbia huimaliza akiwa bado na pumzi ya kuuliza swali. Mwanachuo wetu amekwisha maliza mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini, na tulipomkagua tulimkuta nje ya darasa, akiwa na watoto kwenye mteremko nyuma ya vyoo vya shule, wakishika udongo kwa mikono. Andalio lake la somo lilikuwa na kasoro mbili, nasi tuliziandika. Kisha tukafuatana naye hadi chini bondeni, yeye akiwa mbele.