Wapiti wa Wyoming na Wapiga Picha

Katika jimbo la Wyoming, huko Marekani, chini ya milima ya Teton, liko bonde ambalo kila mwaka huteremkiwa na maelfu ya wapiti, ambao pia huitwa elki. Jina hilo lasikika kama Kiswahili, lakini ni la kabila la Washawnee. Wapiti ni mnyama mwenye pembe za matawi, na dume aliyekomaa hufika ratili 700.

Wakati wa joto wanyama hao hulisha juu milimani; theluji ifunikapo majani, hushuka bondeni. Hapo zamani walikuta mashamba ya walowezi yameziba malisho yao, wakafa wengi kwa njaa. Kwa hiyo mwaka 1912 Serikali ya Marekani iliwatengea mahali karibu na mji wa Jackson, nao wamelishwa hapo katika miaka mingi ya theluji kubwa.

Wapiga picha hupenda kuja mwezi wa Februari na mapema Machi, kwani makundi yapo mahali peupe na madume bado wana pembe. Pembe hizo si kama za pofu. Hudondoka kila mwaka, kisha huota upya.

Kazi yenyewe ina mashaka. Baridi hudhoofisha betri, basi mwenye busara huweka ya akiba mfukoni, karibu na mwili. Weupe wa theluji nao huidanganya kamera, picha ikatoka ya kijivu, mpaka mtu aongeze mwanga kwa makusudi.

Lakini jambo kubwa si la mashine. Mwishoni mwa baridi wapiti huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini tangu wakati wa majani mabichi, na majike wengi huwa na mimba. Akishtuliwa akakimbia katika theluji nzito, huyamaliza mafuta machache yaliyobaki, na mbio za leo huweza kumwua wiki kadha baadaye. Aliyemsogelea hatajua, maana atakuwa amekwisha kurudi kwao na picha yake.

Ndiyo sababu wageni huamriwa wasitoke barabarani, na katika hifadhi jirani ya Grand Teton ni marufuku kumkaribia wapiti chini ya yadi 25. Mpiga picha hodari hutumia lenzi ndefu, hutulia kimya, na humwangalia mnyama kuliko kamera. Wapiti akiacha kula na kuinua kichwa, mtu huyo hurudi nyuma bila kungoja kuambiwa.